Kiasi Chako Ni Kipi? Matone ya Leicester, Vidonge vya Nyarugusu

Watu wa nyumbani wameanza kuniuliza swali moja kwa njia mbalimbali. Mdogo wangu, mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Nyarugusu, Geita, aliniachia ujumbe wa sauti: "Shikamoo dada. Hayo mafuta ya CBD wanayosema yanatuliza mgongo, si yanauzwa huko madukani? Nitumie chupa moja, halafu unielekeze matone mangapi kwa siku." Mama mkubwa wa Kahama anataka ya magoti. Shemeji wa Shinyanga mjini kasikia kwamba yanaleta usingizi. Wote wanajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Leicester, Uingereza, na kwamba dawa nazishika kila zamu. Wanaamini nina jibu.

Jibu la kwanza ni fupi. Chupa sitatuma, na nawasihi msikubali kutumiwa na mtu mwingine. CBD, yaani kanabidioli, hutolewa kwenye mmea wa bangi. Haileweshi kama THC, ile kemikali nyingine ya mmea huohuo, na hapa Uingereza inauzwa waziwazi. Tanzania sheria ni nyingine. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha na kutumia bangi bila kibali, na lebo ya Kiingereza iliyobandikwa kwenye chupa si kibali mbele ya askari wala hakimu. Hata majirani zetu wa Rwanda, waliotoa kanuni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2021, walilenga kuuza nje ya nchi. Sitaki mtu wangu aingie mahabusu kwa sababu ya maumivu ya mgongo.

Lakini lile swali la "matone mangapi" halikunitoka kichwani, kwa sababu ndilo swali la kila dawa. Kiasi gani kinamfaa mtu huyu, mwenye mwili huu, anayekula chakula hiki na kufanya kazi hii? Nimekaa nje muda wa kutosha kuona kwamba hapa na nyumbani tunalijibu tofauti, na kila upande umeshika nusu. Hapa wana namba. Nyumbani tuna jicho la mtu anayekutazama. Dozi ya kweli inataka vyote viwili, na naamini kabisa kwamba sisi tunaweza kuwa navyo vyote.

Namba iliyo kwenye chupa

Chupa ya kawaida ya CBD hapa ni ndogo, mililita 10, ya kioo cha kahawia, yenye mfuniko wa mpira na kijimrija cha kudondoshea. Tuseme lebo inasema miligramu 500. Ukigawanya, kila mililita ina miligramu 50. Mililita moja hutoa kama matone 20, kwa hiyo tone moja lina kama miligramu 2.5. Kwenye rafu hiyohiyo kuna chupa ya ukubwa uleule na rangi ileile yenye miligramu 1,000, na tone lake limebeba mara mbili. Mtu akikwambia "mimi natumia manne, yananitosha", bado hajakwambia kitu mpaka akutajie chupa yake. Ndivyo ilivyo kwa kijiko, kwa kikombe na kwa kidonge pia: hesabu ya vipande haina maana kama hujui kipande kimebeba nini.

Mwaka 2020 FSA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia viwango vya chakula, iliwashauri watu wazima wenye afya wasizidishe miligramu 70 za CBD kwa siku. Oktoba 2023 ushauri huo ukashushwa hadi miligramu 10, baada ya wataalamu kuangalia madhara yanayoweza kulipata ini na tezi ya thairoidi mtu anapotumia kwa muda mrefu. Kwa chupa ya kwanza hayo ni matone manne, kwa ya pili mawili. Mjamzito, anayenyonyesha na aliye chini ya miaka 18 wanaambiwa wasitumie kabisa, na aliye kwenye dawa nyingine aongee kwanza na daktari.

Sasa tazama namba ya upande wa pili. Ipo dawa rasmi ya CBD, Epidyolex, ya aina chache za kifafa kikali kinachoanza utotoni. Marekani iliiidhinisha Juni 2018, Umoja wa Ulaya Septemba 2019. Hii hupimwa kwa kilo. Mtoto wa kilo 20 huanza na miligramu 2.5 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku: miligramu 50 asubuhi, 50 jioni. Kila mililita ya dawa hiyo ina miligramu 100, basi anapewa nusu mililita kila mara, kwa bomba la kupimia. Baada ya wiki moja kiasi kinaongezwa maradufu, na kikihitajika hupandishwa tena hatua kwa hatua, huku damu ikipimwa kuona hali ya ini.

Mtoto huyo, tangu siku ya kwanza, anapewa mara kumi ya kile ambacho mtu mzima mwenye afya ameambiwa asikivuke. Namba zote mbili zina mantiki. Mtoto ana ugonjwa unaoweza kumuua, ana daktari anayemfuatilia, na kuna vipimo vya kumwambia daktari asimame wapi. Mtu mzima aliyenunua chupa dukani yuko peke yake. Kiasi kinachofaa kinategemea ugonjwa, uzito wa mwili, na nani anakutazama unapokitumia.

Kinategemea na chakula. Epidyolex ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu huwa kama mara nne ya kile kinachoingia tumbo likiwa tupu. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa achague njia moja na kuishika: kila siku pamoja na chakula, au kila siku bila chakula. Leo uji mweupe, kesho nyama ya kukaanga, na dozi imebadilika ingawa bomba limeonyesha alama ileile.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba kwa kuwa hapa kuna lebo, basi mambo yamenyooka. Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Zilizokuwa na kiasi kinacholingana na lebo zilikuwa kama asilimia 31 tu. Nyingine zilikuwa na pungufu, nyingi zaidi zilikuwa zimezidi. Na kuhusu mgongo wa mdogo wangu: huko Melbourne, Australia, madaktari waliwapa wagonjwa wa maumivu ya ghafla ya mgongo miligramu 400 za CBD pamoja na matibabu ya kawaida, wengine wakapewa kisichokuwa na dawa, jumla watu 100. Matokeo yaliyotoka mwaka 2021 hayakuonyesha tofauti. Kiasi kilichoshindwa pale ni sehemu kubwa ya ile chupa ya miligramu 500, kwa mkupuo mmoja. Hata kama sheria ingeruhusu, matone manne kwa siku nisingemwahidi nafuu.

Tena muuza duka hakuulizi lolote. Hakuulizi kilo zako, presha yako, wala dawa unazomeza tayari. Unalipa, unapewa risiti, unaondoka.

Toroli ya dawa

Namba na jicho nimeviona vikikutana kazini. Asubuhi msimamizi wa zamu anasukuma toroli ya dawa kutoka chumba hadi chumba. Kila mzee ana chati yake yenye picha, jina, tarehe ya kuzaliwa na mizio. Kabla kidonge hakijatoka kwenye pakiti, anahakikisha: mtu ndiye, dawa ndiyo, kiasi ndicho, saa ndiyo, njia ndiyo. Anasimama mpaka kimemezwa, ndipo anatia sahihi. Mzee akikataa, hakuna kumlazimisha; inaandikwa kwamba amekataa, na kwa nini. Mofini hukaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli, ina daftari lake, na inapotolewa wanakuwepo watu wawili na wote wanasaini. Kilichobaki kinahesabiwa.

Hiyo ndiyo namba. Jicho nalo lina sehemu yake kwenye karatasi. Wazee wengi wamepoteza kumbukumbu na maneno. Ukimuuliza bibi wa miaka 90 maumivu ni kiasi gani kati ya sifuri na kumi, anakutazama tu. Kwa hiyo tunafundishwa kuangalia uso umekunjamanaje, anaguna anapogeuzwa, anaushika mguu upi, amekula au amesukuma sahani. Tunaandika kabla ya dawa, na saa moja baadaye tunaandika tena. Wiki ikiisha daktari au mfamasia anazipitia zile karatasi na kusema: hii ipunguzwe, inamlaza mno, ile isogezwe, maumivu yake huanza alfajiri. Kiasi cha bibi huyo hakikutoka kwenye lebo. Kilitafutwa kidogokidogo, kutoka chini kwenda juu, mpaka akapata nafuu bila kusinziasinzia.

Nikiwa nasaini karatasi hizo ndipo nilipozidi kuwaza kwetu.

Maduarani

Anayeijua Nyarugusu anaijua kazi ile. Mtu anazama duarani, yaani shimoni, kwa kamba na tochi ya kichwani, anapiga nyundo na tindo kwenye joto na vumbi, mawe yanavutwa juu kwa viroba, yanapelekwa kwenye karasha kusagwa, kisha mwaloni kuoshwa. Mgongo, mabega na magoti ndiyo mtaji. Vikigoma, mtu amekosa mgao. Kwa hiyo dawa ya maumivu kule ni kifaa cha kazi kama tochi.

Inapatikana wapi? Duka la dawa muhimu, kandokando ya barabara, jirani na muuza vocha na mama wa chapati. Maduka haya ni hatua kubwa ya nchi yetu. Mpango wake ulianza Ruvuma mwaka 2003, ukachukua nafasi ya yale ya dawa baridi, ukaleta wauzaji waliopata mafunzo na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kutoa. Bila hayo, watu wengi wa migodini wangekuwa mbali na dawa yoyote. Lakini angalia mauzo yenyewe. Mchimbaji anatoa noti: "Nipe za maumivu, za buku." Muuzaji anakata kipande cha pakiti kwa mkasi. Jina la dawa na tarehe ya kuisha muda mara nyingi vimebaki kwenye kipande cha pili. Vidonge vinaingia kwenye bahasha ndogo, juu yake imeandikwa kwa kalamu 1x3 au 2x3. Foleni ni ndefu, mteja ana haraka, biashara imekwisha.

Kipimo hapo ni mfuko wa mteja. Hapa Uingereza sheria tangu mwaka 1998 inazuia duka la kawaida kuuza pakiti ya parasetamo yenye zaidi ya vidonge 16, kwa hofu ya watu kuzidisha. Kwetu fedha ndiyo inayopunguza pakiti, na inapunguza mahali pasipofaa: antibayotiki za siku saba zinanunuliwa za siku mbili, wakati ya maumivu inanunuliwa kila siku, mwezi hadi mwezi, bila mtu yeyote kujumlisha.

Jumla hiyo ndiyo yenye hatari. Diklofenaki kwa mtu mzima isizidi miligramu 150 kwa siku, yaani vidonge vitatu vya 50. Parasetamo isizidi gramu 4, yaani vidonge vinane vya 500, na mtu mwembamba au mnywaji anatakiwa kubaki chini ya hapo. Sasa kuna vidonge vinavyouzwa sana vyenye diklofenaki na parasetamo pamoja. Mtu anameza viwili asubuhi kabla ya kuzama, mchana anaongeza parasetamo kwa sababu kichwa kinagonga, jioni mwenzake anampa "ile nyekundu" ambayo ni diklofenaki tena kwa jina jingine. Kila mara amemeza "kimoja au viwili tu". Mwili umepokea maradufu. Tumbo tupu linachubuka. Figo, ambazo tayari zimebanwa na jasho la kutwa bila maji ya kutosha, zinabanwa zaidi, kwa sababu dawa za aina ya diklofenaki hupunguza damu inayozifikia. Jioni pombe ya kienyeji inaliongezea ini kazi. Hakuna siku moja ya kuilaumu, na ndiyo maana hakuna anayeona.

Na hapa sitanyamaza. Mchimbaji yuleyule, akipeleka dhahabu kwa mnunuzi, anainamia mizani ya dijitali iliyo ndani ya kisanduku cha kioo na kusubiri namba itulie. Mlango wa kioo ukiachwa wazi analalamika, kwa sababu upepo unachezesha mizani. Serikali ilifungua soko la madini Geita Machi 2019 ili watu wapimiwe haki na bei ijulikane, na watu wa kwetu walielewa mara moja kwa nini sehemu ndogo ya gramu moja ina thamani. Watu wanaojua kudai sehemu ya gramu mezani kwa mnunuzi wanaweza kabisa kudai miligramu zao dukani. Mwili ule unaovuta kiroba una thamani kuliko kilichomo kirobani, na unastahili kupimiwa vizuri.

Tayari tumewahi kufanya hivi

Kuna wanaoniambia kwamba habari za miligramu ni za Wazungu, watu wa kijijini hawawezi. Si kweli, na ushahidi uko kwenye kila nyumba iliyowahi kuugua malaria.

Mwishoni mwa mwaka 2006 Tanzania ilibadilisha dawa ya kwanza ya malaria kutoka SP kwenda dawa mseto, ALu. Dozi yake ni ya kilo. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anameza kidonge kimoja kila mara. Kuanzia 15 viwili. Kuanzia 25 vitatu. Kuanzia 35 na watu wazima vinne. Dozi ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe, mara sita jumla. Pakiti zilitengenezwa kwa makundi ya uzito na michoro ya jua na mwezi, ili hata asiyesoma aweze kufuata.

Ni mpango mgumu kuliko matone ya CBD. Na mama zetu waliujua. Nimemwona shangazi yangu, ambaye hakupita darasa la pili, akigawa mseto kwa wajukuu wawili wagonjwa usiku mmoja: mdogo kimoja, mkubwa viwili, maziwa kwanza kwa sababu dawa ile inataka chakula chenye mafuta ili iingie mwilini vizuri, kisha akahesabu saa nane kwa kuuliza mtu mwenye simu. Asubuhi alishika paji la kila mtoto, akamuuliza mmoja kama ametapika. Namba na jicho vilikuwa pamoja, kwenye mwanga wa kibatari, Shinyanga vijijini.

Na kadi ya kliniki je? Kila mama anajua mwanawe alikuwa kilo ngapi mwezi uliopita, na mstari umepanda au umeshuka. Tatizo linaanza mtoto akifikisha miaka mitano. Kuanzia hapo hakuna anayetupima tena mpaka tuugue, na mtu mzima wa miaka 40 duarani hajui kilo zake.

Kikombe kimoja kwa magonjwa mengi

Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kikombe kimoja kwa shilingi 500, kwa magonjwa mengi sugu, mara moja tu. Kanda ya Ziwa nayo ilikwenda, kwa mabasi na malori. Siwacheki waliokwenda, mtu mwenye mgonjwa nyumbani hukanyaga kila njia. Mzee Mwasapila alifariki Julai 2021, na sina neno baya juu yake. Ninachosema ni kuhusu kipimo. Mtu mwembamba na mtu mnene, mwenye kisukari na mwenye pumu, kikombe kilekile. Na waliokunywa walirudi kwao maelfu kwa maelfu, bila mtu wa kuwatazama wiki ya pili. Pale palikosekana namba, na jicho pia.

Mganga wa kweli wa Kisukuma hafanyi hivyo. Wazee wetu walijua mizizi ipi inachimbwa kwenye ngitili, zile sehemu za malisho zinazofungwa zipumzike, na mgonjwa mzito aliwekwa kwenye mji wa mganga, ndugu akimpikia. Mganga alimpa kidogo, akatazama: amelala? ameharisha? macho yakoje? Kesho akaongeza au akaacha. Huko ndiko kutafuta kiasi cha mtu, kutoka chini kwenda juu, na kulikuwepo kabla ya hospitali yoyote. Kilichopungua ni namba. Mzizi wa masika haulingani na wa kiangazi, chungu kilichochemka asubuhi nzima hakilingani na kilichochemka kidogo, na "konzi moja" inategemea mkono wa nani. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza linalosajili waganga. Ombi langu kwao, kwa heshima zote, ni mizani ndogo na daftari.

Na kwa mgonjwa: ukitumia dawa ya mizizi, mwambie daktari. Ukimeza za hospitali, mwambie mganga. Kuficha upande mmoja ni kumfunga macho anayetaka kukusaidia.

Nilichomwambia mdogo wangu

Nilimwambia anunue daftari dogo, kama lile tunalobeba zahanati, na apite kituo cha afya apimwe kilo na presha. Vitu vya kuandika ni vichache: tarehe, jina la dawa na miligramu zake, saa, amekula au hajala, maumivu kati ya sifuri na kumi kabla na saa moja baadaye, na kazi aliyofanya siku hiyo. Akienda dukani, asiseme "za maumivu". Aombe kusoma jina kwenye pakiti kabla mkasi haujapita, apige picha kwa simu, aulize: ina miligramu ngapi, mwisho wake kwa siku ni kiasi gani, na ninaweza kuichanganya na ipi. Aanze na kiasi kidogo kinachofaa, si kikubwa. Ale kwanza. Anywe maji. Kisipotosha, asiongeze kidonge cha jina jingine, arudi kuuliza.

Alikubali, ingawa mwanzoni wenzake walimwita mwalimu. Daftari likatuonyesha mambo mawili yaliyokuwa yamejificha. Vidonge viwili alivyodhani ni dawa tofauti vilikuwa na diklofenaki vyote. Na maumivu yalipanda kila baada ya siku za kuvuta viroba, yakashuka siku za karasha. Sasa wanapokezana kuvuta na mwenzake, na vidonge vimepungua bila mafuta yoyote kutoka Ulaya.

Yapo mambo ambayo daftari lenyewe linapaswa kumpeleka mtu hospitali mara moja: ganzi inayoshuka miguuni, mkojo kukataa kutoka, choo cheusi kama lami, uso au miguu kuvimba. Na kikohozi kilichopita wiki mbili, kwa mtu wa vumbi la mawe, kinataka kipimo cha kifua kikuu, si dawa ya kifua ya dukani. Hospitali za mikoa ya Geita na Shinyanga zipo, Bugando ipo Mwanza kwa yanayozidi. Dozi nzuri haiwezi kuokoa tiba isiyo sahihi.

Kwa anayeuza dawa, ombi langu ni dogo: andika jina la dawa na miligramu kwenye bahasha, si 1x3 peke yake. Ni maneno mawili. Muulize mteja amemeza nini leo. Wewe ndiye mtaalamu wa kwanza kumwona mchimbaji, na mara nyingi wa mwisho.

Na kwetu sisi tulio nje, tuache kutuma makopo. Nimeona makopo makubwa ya ibuprofeni na vitamini yakifungwa kwenye masanduku ya kwenda Mwanza, lebo kwa lugha ambayo mpokeaji haisomi, na maelekezo ya simu: "Meza viwili, utajisikia vizuri." Hayo ni mapenzi, nayajua, lakini ni mapenzi yasiyopimwa. Kabla ya kutuma fedha ya dawa, tuulize kilo zake. Tuulize presha. Tuombe picha ya kila pakiti iliyopo nyumbani na tuisome pamoja naye. Kisha tupige simu baada ya wiki, tusiulize tu "umepona?", tuulize amemeza ngapi, saa ngapi, na mwili umesemaje. Simu hiyo haipiti forodhani, haivunji sheria ya nchi yoyote, na ndugu anayejua kwamba wiki ikiisha ataulizwa ataandika.